Mlango Una Pande Mbili: Mgeni Anaingia Vipi Usambara, na Sisi Tunatokaje?

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha ndani cha vijana wa chama, Lushoto, Agosti 2025. Tumeiweka kama ilivyosomwa, pamoja na pale mtoa mada alipoacha karatasi na kuongea tu.)

Najua kuna waliotoka Mlalo alfajiri na wengine Mtae, na bodaboda za sasa mnazijua bei yake. Kwa hiyo sitawapotezea muda.

Niliombwa nizungumzie fursa za utalii. Nikamwambia Mwenyekiti, fursa tumeshazungumza sana. Kila semina ni fursa, ukitoka nje unakuta bado unadaiwa kodi ya chumba. Naomba nizungumzie kitu ambacho kinawakamatisha watu na hakuna anayetufundisha: viza na vibali. Mgeni anayekuja kukaa milimani kwetu miezi mitatu, sita, mwaka, anatakiwa awe na karatasi gani? Na mimi kijana wa Lushoto nikitaka kwenda kwake, nabanwa wapi?

Kwa msionifahamu, mimi ni muongoza watalii. Wageni wengine wameshazoea kutuita "gaidi". Jamani, mimi ni mwanachama wa upinzani. Mgeni akiniita gaidi mbele ya polisi, naomba mumrekebishe haraka. (Vicheko.)

Nianze na kisa changu, na kwenye kisa hiki mwenye kosa ni mimi.

Miaka kadhaa nyuma nilimleta kijijini dada mmoja kutoka Ulaya. Alikuja kutembea siku nne, akapenda, akasema anataka kubaki afundishe watoto wa chekechea na kuwajengea tenki la maji ya mvua. Tulifurahi. Kamati ikakaa, mama mmoja akatoa chumba. Yule dada akauliza swali la maana kuliko yote tuliyoulizana siku ile: "Viza yangu ni ya utalii. Inaruhusu hiki ninachotaka kufanya?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nikamwambia, "Usijali dada, hulipwi mshahara, kwa hiyo hiyo sio kazi. Mtu akiuliza, sema unatembea." Nilisema kwa kujiamini kabisa. Sikuwahi kusoma popote. Nilisikia kwa mwenzangu, naye alisikia kwa mwenzake.

Baadaye akaingiwa na wasiwasi, akataka kujirekebisha. Akatokea jamaa mmoja aliyejiita ana mtu wake ndani, akasema lete dola 400, kibali kinatoka wiki mbili. Tukampa mkononi. Risiti hakuna, namba ya malipo hakuna. Jamaa simu ikazimwa mpaka leo.

Maafisa walipokuja, walimkuta darasani ana chaki mkononi. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimuuliza kibali, hakuwa nacho. Akatakiwa kuondoka nchini. Mama aliyempa chumba aliitwa kuhojiwa, siku nzima amekaa kwenye benchi, mama wa watu wa miaka sitini. Tenki la maji lilibaki msingi tu. Ule msingi bado upo, mbuzi wanapanda juu yake. Nikipita pale huwa naangalia upande mwingine.

Ndiyo maana niko hapa leo. Nataka kila mmoja wenu ajue nilichotakiwa kujua siku ile.

MGENI ANAPOINGIA

Kwanza, viza ya kawaida. Raia wa nchi nyingi za Ulaya wanalipa dola 50, wanakaa siku zisizozidi 90. Mmarekani analipa dola 100, anapewa ya mwaka mmoja ya kuingia na kutoka, lakini kila akiingia mwisho ni siku 90. Wanaomba mtandaoni, utaratibu huo upo tangu 2018. Mgeni wako muelekeze kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe. Kuna tovuti zinazofanana nayo ambazo zinamtoza mtu zaidi kwa kujaza fomu ileile.

Pili, muhuri. Mgeni anakuonyesha barua ya viza, anakwambia niko sawa. Usiangalie barua peke yake. Fungua pasi, tafuta muhuri aliogongewa uwanja wa ndege au pale Horohoro. Siku za kukaa zinahesabiwa kuanzia pale. Nimeona watu wanahesabu vibaya, mtu yuko Rangwi anakula maharage na masista, roho imetulia, kumbe siku zilikwisha juzi.

Tatu, na hapa ndipo nilipoanguka mimi: viza ya utalii ni ya kutembea. Kufundisha hata bure, kutibu hata bure, kujenga hata bure, haimo. Anayekuja kwa shughuli fupi ya kibiashara au ya kitaalamu kuna viza yake ya biashara, dola 250, nayo haizidi siku 90. Anayetaka kukaa zaidi anahitaji kibali cha ukaazi, na vibali hivyo viko madaraja matatu. Daraja A ni la mwekezaji au mtu aliyejiajiri. Daraja B ni la mwajiriwa. Daraja C ndilo linalotuhusu sana huku milimani: wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea, wastaafu. Kwa kawaida anayeomba kwa ajili ya mtu wa kujitolea ni taasisi iliyosajiliwa inayompokea. Maana yake kikundi chenu cha kijijini kisicho na usajili hakiwezi kumbeba mtu. Mkitaka kupokea wageni wa kujitolea, anzeni na usajili wa kikundi kabla ya kutafuta mgeni.

Nne, watafiti. Usambara ina mimea na vyura ambao hawapatikani kwingine duniani, kwa hiyo wanasayansi hawataisha. Mtafiti anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH juu ya kibali cha ukaazi, na akiingia msitu wa hifadhi wa Magamba kuna ruhusa ya TFS. Wewe unayembebea mabegi muulize kabla hamjapanda. Ukiuliza mwanzoni unaonekana mtaalamu. Ukisubiri muulizwe na askari wa msitu, nyote wawili mnaonekana wezi.

Tano, fedha. Malipo halali ya serikali yana kontroli namba. Mtu akisema lete mkononi nitakusaidia, huyo ni yule jamaa yangu wa dola 400, kabadilisha shati tu.

Na la sita ni la kwenu wenyewe. Kumficha au kumsaidia mtu abaki nchini kinyume cha sheria ni kosa kwa anayemficha pia. Ukarimu wetu Wasambaa ni mzuri, mgeni hafiki nyumbani akakosa ugali. Lakini mpe ugali, halafu muombe akuonyeshe muhuri.

AMRI YA MWEZI WA SABA

Sasa kuna jambo jipya. Mwishoni mwa Julai mwaka huu serikali imetoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Mjadala wote mtandaoni ulikuwa Kariakoo. Sisi wa Lushoto hatukusoma kwamba humo ndani kuna mambo mawili yetu kabisa: kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Kabichi yako, karoti yako, pilipili hoho yako, na miguu yangu mimi ninayepanda Irente kila wiki.

Mtaniuliza, wewe mpinzani, unaipinga? Kimsingi siipingi. Kazi ya kuonyesha njia ya Soni kwenda Mtae ni ya mtoto wa huku. Lakini someni na upande wa adhabu. Mgeni akipatikana na hatia faini ni kuanzia milioni 10 au kifungo, na viza au kibali chake kinafutwa. Na raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake: faini ya milioni 5 au jela miezi mitatu.

Hapo ndipo kuna kaburi la kijana wa Lushoto. Kuna mgeni ana tovuti nzuri, ana wateja, anakwambia: "Rafiki yangu, tuandikishe kampuni kwa jina lako, nitakupa laki mbili kwa mwezi." Wewe huna mtaji, laki mbili unaiona ni ajira. Jina lako liko kwenye leseni, hela ziko kwake, kodi inakudai wewe, na likibumburuka anapanda ndege, wewe unapanda karandinga. Tafadhali, jina lako ndiyo mali uliyozaliwa nayo. Usilikodishe.

Na lawama yangu kwa serikali ni hii: amri inaweza kumfunga kijana miezi mitatu, lakini hakuna aliyepanda mlima huu kuja kumsomea. Hapa hapa Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanasheria wanafundishwa kilomita chache kutoka kwenye kijiwe cha bodaboda, na kijiweni hamna karatasi moja ya Kiswahili inayosema mgeni anaruhusiwa nini.

Kuna sheria nyingine haisemwi kabisa, na hii ni tamu kwetu. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia inasema mwajiri anayetaka kumleta mgeni lazima awe na mpango wa kurithisha, yaani Mtanzania atakayefundishwa ile kazi mpaka aishike. Kibali cha kazi cha mwajiriwa ni cha miezi 24, na hata kikiongezwa, muda wake una kikomo. Kwa hiyo ukifanya kazi kwenye hoteli au shamba ambalo meneja ni mgeni, una haki ya kuuliza kwa heshima: mrithi wake ni nani, na amefundishwa mpaka wapi? Nimewauliza vijana kumi wanaofanya kazi hotelini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia.

SISI TUNAPOTOKA

Yule dada aliporudi kwao hakutusahau. Baadaye alinialika nikamtembelee wiki tatu. Sasa nikaonja upande wa pili wa mlango.

Kwanza pasi. Shilingi 150,000. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, na ushahidi wa safari. Hebu fikirini: ili upate kitabu cha kukuruhusu kusafiri, uthibitishe kwanza kwamba unasafiri. Kijana anayetaka awe na pasi yake mkononi ili fursa ikija imkute tayari anaonekana kama ana jambo anaficha.

Halafu viza ya Ulaya, ile ya Schengen. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, zaidi ya laki mbili na nusu za kwetu, na ukinyimwa hairudi. Bima ya afya ya kufidia angalau yuro 30,000. Taarifa za benki. Barua ya mwaliko. Halafu Lushoto, Mombo, Segera, Chalinze, Dar es Salaam, kwenda kuacha alama za vidole.

Ubalozi mmoja wa nchi ya Ulaya, siutaji, ulinijibu kwa fomu yenye visanduku. Wametia alama penye maneno yanayomaanisha kwamba wana mashaka kama nitarudi nyumbani. Nina mke, nina watoto wawili, nina shamba la kabichi, nina mama yangu anayeniita nikichelewa Tanga siku mbili. Mashaka!

Nilikasirika, nikaichana ile fomu. Hilo lilikuwa kosa la pili. Kumbe sheria ya viza yao inawalazimu kutoa sababu na inampa mwombaji haki ya kukata rufaa kwa muda maalumu. Fomu niliyoichana ndiyo ilikuwa silaha yangu. Ukinyimwa, tunza karatasi, soma sababu, jibu kile kilichotajwa. Na usijaze uongo hata siku moja, kwa sababu uongo ukishaingia kwenye mfumo wao unakufuata kila utakapoomba.

Siku ile niliporudi nilikumbuka historia tuliyofundishwa juu juu. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alipanda milima hii mpaka Vuga kumwona Mfalme Kimweri ye Nyumbai, akaomba ruhusa ya kuleta dini na walimu. Aliomba! Akarudi tena 1852. Mzungu alipita mlangoni, na mwenye nyumba alikuwepo. Miaka isiyozidi hamsini baadaye Wajerumani hawakuomba tena, na Lushoto ikaitwa Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, jina la Kaisari wao. Mjukuu wa waliokuja bila kuomba leo anabonyeza simu, dola 50, anakuja. Mjukuu wa Kimweri anaulizwa kama atarudi kwao.

Sisemi tuwafungie wageni. Wakifungiwa, mimi watoto wangu hawali. Nasema nchi yetu ikikaa mezani na nchi zao, na suala hili liwe mezani.

Wakati tunasubiri hayo, tumieni milango iliyo wazi. Kwa pasi ya Tanzania unaingia Afrika Kusini hadi siku 90 bila viza. Kenya, Uganda na Rwanda huhitaji viza. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Ila kuingia ni kuingia. Kufanya kazi kule bado kuna kibali chake, msije mkafanya Mombasa kosa alilofanya mgeni wangu kijijini.

Na hapa niseme la chama. Mwezi Mei mwaka huu Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, alikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Alizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa. Kesho yake Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, naye akazuiwa. Watu wenye pasi halali, kutoka nchi ya jumuiya moja na sisi. Serikali ikiamua nani aingie kwa kuangalia anakwenda kumsikiliza nani mahakamani, basi itifaki ile inabaki karatasi tu. Na leo wakifanya hivyo kwa Jaji Mkuu mstaafu, kesho binamu yako wa Taveta atajitetea kwa nini?

TUNATAKA NINI

Naomba kikao hiki kipitishe mambo matatu, na mtu yeyote atakayepanda mlima huu kuomba kura Oktoba tumuulize hayo hayo matatu.

Moja: kila ofisi ya kata inayopokea wageni, Soni, Lushoto, Mlalo, Mtae, iwe na bango la Kiswahili chepesi. Viza gani inaruhusu nini, ada ni kiasi gani, malipo kwa kontroli namba tu. Bango halihitaji bajeti ya mabilioni.

Mbili: pasi iwe haki ya raia. Mtu mwenye NIDA yake na ada yake apewe bila kutakiwa kuthibitisha safari.

Tatu: mipango ya kurithisha ya waajiri wenye wageni iwe wazi kwa wafanyakazi wenyewe. Kama sheria inasema nafasi ile ni ya mtoto wa hapa baada ya miaka kadhaa, mtoto wa hapa aambiwe.

Na sisi wenyewe tusisubiri serikali kwa kila kitu. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumamosi baada ya soko, nitakaa ofisi ya chama hapa chini. Ukiwa na mgeni, ukiwa na fomu huielewi, ukiwa na mkataba mtu anataka jina lako, njoo nao tuusome pamoja. Sitauliza kadi ya chama. Nisichokijua nitakwambia sikijui, tutakitafuta. Siku ile chekechea, maneno hayo mawili tu, "sijui, tuulize", yangetuachia tenki la maji.

Yule mama aliyekaa benchi siku nzima yuko hapa ndani, amekaa nyuma kule. Mama, nilikuomba radhi nyumbani, leo naomba tena mbele ya watu.

Mwenyekiti, naomba tupokee maswali.